Siku Chati ya Macho Ilipofanywa Shahidi

"Daktari, kama baba anaona hivi, basi mimi ni mwizi?"

Swali hilo niliulizwa Mwandoya, nje ya zahanati, mbele ya watu waliojipanga kama wako mnadani. Aliyeuliza aliitwa Jilala, mkulima wa pamba wa umri wa kati. Baba yake, Mzee Nkwabi, alikuwa bado kwenye kiti changu cha kupimia, kiganja kimeziba jicho moja. Alikuwa ametoka kunionyesha mstari wa mwisho wa chati bila kukosea hata mara moja. Nilijifanya natafuta kalamu.

Naandika haya kwa ajili yenu wawili mnaokuja kukaa kwenye nafasi yangu. Mkataba wa mradi wa macho umekwisha, nami naondoka Bariadi. Siku ya kuniaga wenzangu waliniita mstaafu na kunipa fimbo ya kutembelea, ingawa nina miaka thelathini na tatu. Nimeipokea. Anayedhani fimbo hiyo ni utani bado hajapanda gari la mradi kwenda Meatu wakati wa masika. Habari za vyeo na mishahara mtaelezwa na ofisi, tena kwa maneno mazuri kuliko ninayoweza kuyapata mimi.

Siku ya kwanza nilifika na shahada yangu ya optometria, yaani upimaji wa macho na miwani, nikaonyeshwa chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua. Mzee Ngassa, tabibu wa macho, alikuwa anafunga kamba kwenye msumari. Kamba ile ilikuwa na fundo mahali mgonjwa anapokaa, ili kila tunapokwenda umbali wa chati uwe uleule. Nilimuuliza kwa nini hatutumii futi. Akasema futi zilikuwapo, zikaenda kupima kitambaa cha harusi. Nikauliza kamba ikilowa na kuvutika je? Akacheka, akasema amengoja miaka mingi mtu wa kumsumbua. Tangu siku hiyo aliniita Binti Kwa Nini, na kamba tukaibadilisha.

Wengi waliokuja wiki zile za mwanzo hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamevuka arobaini tu. Fundi cherehani anashindwa kutunga uzi. Mama anakula mchanga kwenye wali wake mwenyewe na kumlaumu muuzaji. Mwalimu anasoma ujumbe wa simu akiwa ameunyoosha mkono kama anayesukuma mlango. Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa kwa umri, ikaacha kujikunja kutazama vitu vya karibu. Hilo humfika kila mtu na halina dawa ya kunywa wala ya kudondosha. Lina miwani ya kusomea. Ni kawaida vilevile kwa mtu mzima kuhitaji mwanga zaidi, au kusimama kidogo mlangoni akitoka juani ili macho yazoee giza la ndani.

Wanaume walinisumbua. Waliniambia hawasomi, kwa hiyo hawahitaji miwani. Nikaanza kuwauliza ni nani anayewasomea vipimo kwenye chupa ya dawa ya kupulizia pamba, na ni nani anayewatoa miba watoto wao. Baadhi walichukua miwani. Baadhi walisema mke yupo.

Kilichonikosesha raha tangu mwanzo ni neno moja: umri. Kila kitu kilitupiwa humo. Mtu anaona ukungu, anaambiwa ni umri. Taa ya pikipiki inamtawanyikia machoni, ni umri. Na hata mtoto wa jicho, ambaye kweli huja na umri na kweli huondolewa kwa upasuaji, watu walimngojea kama tumba la pamba: bado hajakomaa, akikomaa atapasuliwa, na kabla ya hapo pamba iuzwe kwanza. Nilibishana na Mzee Ngassa kuhusu hilo. Alikubali kwamba yeye mwenyewe alifundishwa kungoja, enzi za upasuaji wa aina nyingine, na kwamba neno hilo la kukomaa wauguzi na matabibu ndio waliolipeleka vijijini. Sasa kulirudisha ni kazi. Waambieni watu wazi: ukungu ukianza kumzuia mtu kufanya shughuli zake, aje. Asingoje kuongozwa kwa mkono.

Na kuna mengine ambayo hayangoji hata kesho. Jicho linalouma na kuwa jekundu huku kichwa kikigonga na mtu akitapika. Vimulimuli vinavyowaka pembeni ghafla, pamoja na vidoa vingi vipya vinavyoelea, au kivuli kinachoshuka kama pazia. Kuona kunakopotea kwa mara moja, hata bila maumivu. Hao msiwape miwani, msiwape dawa ya tone kujaribu. Wapigieni gari siku hiyohiyo wafike kwa daktari bingwa. Mwenye kisukari naye achunguzwe ndani ya jicho kila mwaka, hata akidai anaona sindano chini ya kitanda.

Nilikuwa nayajua haya yote siku nilipokutana na Mzee Nkwabi. Ndiyo maana kimya changu kilinitesa.

Tulikuwa tumekwenda Mwandoya kwa huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata wagonjwa vijijini. Foleni ilikuwa ya kawaida mpaka wakafika wazee watatu wa sungusungu, ule ulinzi wa kijiji, wakiwa na baba na mwana katikati yao. Nikawaamkia, ng'wangaluka, wakaitikia, kisha mmoja wao akanieleza shauri lenyewe kwa utaratibu, kana kwamba mimi ni hakimu.

Mzee Nkwabi alikuwa akisimama jioni kwenye lango la zizi lake, nafasi ya mkuu wa nyumba, kuangalia ng'ombe wakiingia, na kwa miezi kadhaa alikuwa akisema wanapungua. Leo haonekani huyu, kesho haonekani yule. Wa mwisho alikuwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe shavuni. Kila mara Jilala alimwonyesha baba yake mnyama huyo asubuhi, yupo, anacheua. Na kila mara baba alijibu kwamba amerudishwa usiku baada ya kelele, na kwamba mwanawe anawatoa ng'ombe kwa siri na kuwaweka rehani kwa watu wa mbali. Nilipenda kusikia shtaka lile kwa sababu mbaya ya kisomi: halikuwa na namna ya kukanushwa. Ukionyesha ng'ombe, umemrudisha. Usipomwonyesha, umemuuza.

Jilala alijitetea kwa kusema kwamba baba haoni vizuri. Wazee wakaona hilo linapimika. Kuna wataalamu wanakuja na chati, wapimeni macho ya mzee. Akishindwa, Jilala aachwe. Akifaulu, jambo liende mkutanoni siku ya mnada, na kila mtu alijua mkutano ungeamua nini. Jilala angetengwa. Mtu aliyetengwa haombi moto kwa jirani, hasaidiwi kupalilia, na akifiwa anachimba kaburi mwenyewe.

Hakuna aliyeniuliza kama chati yangu inaweza kazi hiyo. Chati ina herufi moja tu, E, iliyogeuzwa pande nne, kubwa juu na ndogo chini. Mpimwa anaonyesha kwa vidole miguu yake imeelekea wapi. Mzee Nkwabi alionyesha juu, kulia, chini, kulia, kushoto, jicho la kulia kisha la kushoto, mpaka mwisho. Nyuma yangu watu waliguna. Mama mmoja akasema kwamba macho yale yanaona mpaka dhambi. Watu wakacheka, Jilala hakucheka, na hapo ndipo aliponiuliza lile swali.

Nilijua kwamba chati hupima kitu kimoja tu, kile ambacho mtu anakitazama usoni pake. Nilijua kuna ugonjwa, tunauita presha ya macho, unaokula pembeni kwanza na kumwachia mtu katikati safi mpaka mwisho. Lakini kujua kwamba kitu kinawezekana si kujua kwamba kipo. Huenda Jilala alikuwa mwizi kweli. Wezi nao huwa na baba wagonjwa. Kama ningesema neno pale, lingebebwa mpaka mkutanoni kama hukumu, na sikuwa nimepima chochote.

Nikamwomba mzee tuingie ndani nimwangalie zaidi. Akakataa. Alisimama, akavaa kofia yake, akasema, "Umenipima, nimeona. Unatafuta nini tena?" Nikamweleza kwamba macho yana mambo mengi. Akasema na mdomo pia. Wazee wakacheka, shauri likafungwa. Nilidhani ni kiburi cha mwenye ng'ombe.

Mzee Ngassa alikuwa ndani na mgonjwa wa kope. Nilipomsimulia aliacha kazi yake, akaniambia kitu ambacho mpaka leo sijui kama nakubaliana nacho: kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa hata kama inamponza mwanawe. Tukabishana ndani ya chumba kile kidogo mpaka mgonjwa akauliza kama anaweza kwenda. Mwishowe tukakubaliana kwamba nimfuate mzee nyumbani jioni, nimwombe upya, na kama akikataa tena basi tumeshindwa. Mkutano ulikuwa keshokutwa.

Nilifika kwake ng'ombe wakirudi. Mzee alikuwa amesimama langoni, bega limeegemea nguzo ya kulia, na hakushangaa kuniona. Alinisalimia kama mgeni wa kawaida, akasema nisubiri amalize. Nikasimama nyuma yake kidogo, upande wa kushoto.

Ng'ombe wakaanza kupita katika vumbi, na yeye akawa anawataja mmoja mmoja kwa rangi zao, kwa sauti ya chini. Huyu wa kijivu. Yule mweusi wa pembe iliyovunjika. Ilikuwa kama kusikiliza mtu anaita watoto wake. Lakini lango lilikuwa pana, na ng'ombe hawapangi foleni. Aliowataja ni wale waliopita palepale alipokuwa ametazama. Wengine walipenya kushoto, wakikwaruza nguzo ya pili, na hao hakuwataja. Nikadhani labda anawaruka makusudi. Ndipo akaja mtamba mwekundu mwenye baka jeupe shavuni. Alipita kushoto, karibu na mimi kiasi cha kuninusa mkono, akaingia zizini. Mzee aliendelea kutaja walio mbele yake. Alipomaliza alinigeukia akaniambia, bila hasira, "Umeona mwenyewe. Mwekundu hajaingia."

Mtamba alikuwa amesimama hatua chache nyuma ya bega lake.

Jilala alikuwa upande wa pili wa ua, amekunja mikono, ananitazama. Alikuwa ameona kila kitu. Sikumwonyesha mzee yule mtamba. Ningemwonyesha, angesema amerudishwa, na safari hii mbele ya shahidi. Nikamwomba anipe nafasi ya kumpima kidogo, bila chati na bila watu. Alifunga lango la zizi. Kisha akasema Jilala aondoke kwanza.

Kipimo hiki hakihitaji umeme wala betri, na nawaomba mkifanye kwa kila mtu mzima hata kama foleni imefika barabarani. Kaeni uso kwa uso na mgonjwa, kwa umbali ambao mkono mmoja unaweza kufika. Azibe jicho moja, nawe uzibe lako linalolitazama lile. Atazame pua yako tu. Lete vidole taratibu kutoka pembeni, ukivichezesha, kila upande kwa zamu, na akuambie anapoviona. Jicho lako ndilo kipimo: mnapaswa kuviona karibu kwa wakati mmoja. Mimi niliviona vidole vyangu vikiwa mbali kabisa pembeni. Mzee Nkwabi hakusema kitu. Nikavisogeza. Hakusema kitu. Jicho la kushoto aliviona vilipokuwa karibu kugusa pua yangu. La kulia lilikuwa na nafuu, si kubwa.

Nilimwambia ninachodhani ni nini, na kwamba lazima apimwe presha ya jicho na kuangaliwa mshipa wa fahamu ulio nyuma yake. Aliuliza swali moja tu, kama kilichopotea kitarudi. Nikamwambia hapana, kilichokwenda kimekwenda, tunachoweza kulinda ni kilichobaki, na kila wiki anayongoja kinapungua. Nikamwambia pia kwamba mimi sitasema lolote mkutanoni bila ruhusa yake.

"Vizuri," akasema. "Usiseme."

Usiku ule sikula. Nilikuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ya mkutano tulikuwa tumeshaondoka kwenda kijiji kingine, na yaliyotokea niliyapata kwa muuguzi wa zahanati. Mzee Nkwabi alisimama kabla shauri halijafunguliwa. Akasema ameondoa neno lake, ng'ombe wote wapo. Wakamuuliza wamerudije. Akasema ameondoa neno lake. Wakamuuliza kama mwanawe amemlipa anyamaze. Akakaa chini. Hakutaja macho. Jilala hakutengwa, lakini hakusafishwa pia. Muuguzi alisema watu walitoka pale wakiwa na hasira, kama waliokuja harusini wakakuta hakuna chakula.

Siku chache baadaye mzee alishuka Bariadi. Mzee Ngassa alimtia dawa ya ganzi, akaweka juu ya jicho kile kipimo kidogo cha chuma ambacho mtakikuta kwenye boksi la mbao, mkitunze, kisianguke. Presha ilikuwa juu macho yote mawili. Nyuma ya jicho mshipa ulikuwa umepauka na kuchimbika kama kikombe. Tukampa rufaa kwa bingwa Mwanza, akaenda, akarudi na dawa ya tone ya kila siku, ya maisha.

Hapa ndipo wengi hupotea. Dawa haimpi mtu nafuu anayoihisi. Haiondoi maumivu kwa sababu hayakuwapo, haiongezi kuona. Mtu anaitumia chupa moja, anaona hakuna tofauti, anaacha. Waelezeni mapema kwamba kutoona tofauti ndiyo kazi yake. Waonyesheni namna ya kutia: vuta kope la chini, tone moja, fumba, bonyeza kona ya jicho upande wa pua. Mke wake, Mama Jilala, aliitunza chupa kwenye mfuko wa plastiki ulioegemezwa kwenye mtungi wa maji, mahali penye ubaridi. Dawa ile haikuwahi kukatika. Nilikuwa nikipita kila tunapokwenda Meatu kumpima upya, na kilichobaki kimebaki.

Jilala nilimwambia apimwe, maana ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, na mtoto au ndugu wa mgonjwa anatakiwa kuchunguzwa hata kama haoni tatizo. Alinijibu kwamba macho ya familia yao yameshamtosha. Alikuja msimu wa pili, pamba ikishauzwa, hakuzungumza. Presha yake ni nzuri hadi sasa. Kila mwaka mumpime, hata kama hatawasalimia. Yeye na baba yake wanakula sahani moja, lakini jioni Jilala hakai naye langoni.

Mimi nilitoka kwenye kesi ile na somo nililolihubiri miaka yote iliyofuata, kutoka Maswa mpaka Kalemela. Nilisimama makanisani, magulioni, kwenye viwanja vya shule, nikasema ugonjwa huu hauumi, hauonyeshi dalili, mwenye nao hajui, na kwamba watu huchelewa kwa sababu ya kutojua. Ni kweli kwa wengi. Endeleeni kulisema. Mimi, niliyejisifu kuhoji kila kitu, sikuwahi kulihoji hilo.

Mwezi uliopita nilikwenda kumuaga Mzee Nkwabi. Tulikaa uani, Mama Jilala akatuletea maziwa ya mgando. Nikamwambia kwamba kwake nilijifunza jinsi mtu anavyoweza kupoteza macho bila kujua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka bakuli chini, akaniambia, "Mama, nani alikuambia sikujua?"

Mkewe alinyanyuka akaingia ndani. Mzee akaendelea kwa sauti ileile aliyokuwa akiwataja ng'ombe. Zamani hizo, wakipepeta mtama, kapi liliingia jicho la kulia. Akalifumba, na lile la kushoto likabaki linatazama peke yake. Akaona mkono wa mkewe, na ungo, basi. Mke mwenyewe hakumwona, wala nyumba. Aliosha jicho, akanyamaza. Nikamuuliza kwa nini basi alimtaja Jilala.

"Mwizi anafukuzwa, mambo yanaisha. Ukisema macho yamekwisha, unafukuzwa wewe kwenye lango."

Siku ile ya kapi ilikuwa msimu mzima kabla ya ng'ombe wa kwanza kutajwa kwamba amepotea.